Mchoraji Aliyetufungulia Tairi

Tumezoea kuwasifu waliobuni vitu, tukawasahau waliovifanya vitufae. Leo napenda kumkumbuka mmoja wao, Édouard Michelin.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1859, na kazi aliyosomea ni uchoraji. Mwaka 1889 aliweka brashi chini akaenda Clermont-Ferrand kukinusuru kiwanda cha mpira cha jamaa zake kilichokuwa kikididimia. Kaka yake André, mhandisi, alishirikiana naye.

Tairi la upepo hakulibuni yeye. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alikwisha kulipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1888. Lakini tairi hilo liligandishwa kwa gundi kwenye ringi. Mpanda baiskeli mmoja alipopeleka lake kiwandani, kuziba pancha kulichukua saa nyingi, na gundi ikangojewa usiku kucha ikauke. Michelin akatambua kwamba upepo ni neema, gundi ndiyo balaa. Mwaka 1891 akatoa tairi la kufungua na kufunga, na mwaka huo huo Charles Terront akashinda nalo mbio za baiskeli za Paris hadi Brest na kurudi, kiasi cha kilomita 1,200.

Mwaka 1895 ndugu hao wakatia tairi za upepo kwenye motokaa, wakaingia mbio za Paris hadi Bordeaux na kurudi. Walipata pancha nyingi na kuchelewa mno, lakini walifika.

Thamani ya kazi hiyo niliielewa Turkana, kati ya Lodwar na Kakuma, penye miiba ya migunga na mathenge. Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, hungojea chakula kije kwa lori. Huko fundi hulivua tairi, akaziba tyubu, na gari la mgonjwa likashika njia. Tairi likichakaa hukatwa makatambuga, ambayo bara huitwa akala, nalo likamfaa hata mchungaji asiye na gari.

Mali haikumkinga Michelin na majonzi. Wanawe wawili walimtangulia: Étienne kwa ajali ya ndege mwaka 1932, na Pierre kwa ajali ya motokaa mwaka 1937. Mwenyewe alifariki mwaka 1940. Kila tairi livuliwalo njiani likarudishwa ni sehemu ya urithi wake.