Samuel Coleridge-Taylor: Mwanakwaya Aliyeandikia Okestra

Katika kijitabu hiki cha jubilei tumeona vyema kuweka maisha ya mtunzi aliyevuma sana zamani, ingawa huku kwetu kandokando ya ziwa wengi hawalijui jina lake.

Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London tarehe 15 Agosti 1875. Mama yake, Alice Martin, alikuwa Mwingereza. Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa daktari kutoka Sierra Leone, na alikuwa amesharudi Afrika kabla mtoto hajazaliwa. Samuel alikulia Croydon, akajifunza fidla angali mdogo na kuimba katika kwaya ya kanisa. Hapo ndipo tunapomdai kuwa wetu! Mwaka 1890, akiwa na miaka 15, aliingia Chuo cha Kifalme cha Muziki kusomea fidla, kisha akahamia utunzi chini ya mwalimu Charles Stanford.

Mwaka 1898, reli yetu ilipokuwa bado inahangaishwa na simba kule Tsavo, tamasha la kwaya tatu za makanisa makuu ya Gloucester, Worcester na Hereford lilihitaji kazi mpya ya okestra. Waandalizi walimwomba Edward Elgar. Elgar alikuwa na shughuli nyingi, akawaambia wampe kijana huyu nafasi hiyo. Wakubwa wangapi hufanya hivyo?

Ndivyo ilivyozaliwa Ballade, ya ufunguo wa A maina (kwa sisi wa sol-fa, lah iko kwenye A). Ni ya vyombo vitupu, haina neno hata moja la kuimbwa, na huchukua kama dakika 12. Inaanza kwa kasi kama tufani ya ziwani jioni, halafu fidla zinashika sauti ndefu yenye upole, na tufani inarudi tena. Septemba mwaka huo Samuel aliiongoza mwenyewe huko Gloucester, akiwa na miaka 23.

Miezi miwili baadaye ilisikika kazi yake ya kwaya, Hiawatha's Wedding Feast, na hiyo ikaenea duniani. Mjini Washington, Marekani, waimbaji weusi waliunda chama cha kwaya chenye jina lake, naye akaenda kuwaongoza mwaka 1904. Lakini haki zote za kazi hiyo alikuwa ameiuzia kampuni ya uchapishaji kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15. Nakala ziliuzwa kwa wingi mno. Yeye hakuongezewa kitu kwa mauzo hayo. Ilimbidi afundishe, aongoze kwaya na kuamua mashindano huku na huku ili mkewe Jessie na watoto wawili wapate riziki.

Mwaka 1912 alianguka katika kituo cha treni cha West Croydon. Alifariki tarehe 1 Septemba kwa nimonia, akiwa na miaka 37. Mfalme alimpa mjane pauni 100 kwa mwaka. Mwaka 1914 Uingereza ikapata chama cha kukusanya malipo ya watunzi kazi zao zinapopigwa hadharani, na yaliyompata Samuel yalitajwa sana katika kudai haki hiyo.

Kuanzia ukurasa unaofuata, jina la mtunzi limeandikwa chini ya kila wimbo, pamoja na lile la kijana wetu wa sauti ya tatu.