Max Yergan: Kutoka chuo kidogo cha Wabaptisti hadi Kariakor

Kijana wa Ndera au Garsen unayesomea Nairobi au Mombasa, huenda umewahi kuulizwa uko chuo gani, ukataja jina, na aliyekuuliza akakunja uso kwa kuwa hajawahi kulisikia. Tulia basi, nikusimulie habari za Max Yergan.

Alizaliwa mwaka 1892 mjini Raleigh, North Carolina, Marekani. Babu yake alikuwa mtumwa, na alitamani mjukuu wake mmoja aje kuhudumu Afrika. Max alisomea mlemle Raleigh, Chuo Kikuu cha Shaw. Mhubiri Mbaptisti, Henry Martin Tupper, alikianzisha mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, ili watu waliotoka utumwani wapate elimu.

Hata michezo ilibidi wajitafutie. Enzi hizo za ubaguzi, vyuo vya weusi havikuwa na nafasi katika ligi za wazungu. Unadhani walikaa wakilia? Wapi! Mwaka 1912, Max akiwa bado mwanafunzi, Shaw iliungana na Hampton, Howard, Lincoln na Virginia Union wakaunda shirikisho lao, CIAA. Lipo hadi leo. Na mwaka 2012, vipusa wa Shaw walitwaa ubingwa wa kitaifa wa mpira wa vikapu, daraja la pili.

Max alihitimu 1914, akajiunga na YMCA. Mwaka 1916, baada ya kuhudumu India, akaja Afrika Mashariki. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto. Ukipita Kariakor hapo Nairobi, au Kariakoo ya Dar es Salaam, kumbuka jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa kuliko risasi. Hao ndio Max alikuja kuwahudumia, hadi maradhi yakamrudisha kwao.

Hakukata tamaa. Mwaka 1922 aliingia Afrika Kusini, ingawa serikali ya wazungu ilisita kumruhusu. Kule Fort Hare alimwamsha kisiasa mwanafunzi Govan Mbeki, babake Thabo Mbeki. Aliporudi Marekani, 1937, alianzisha baraza la kutetea Afrika, akishirikiana na Paul Robeson, mwimbaji aliyewahi kutamba katika futiboli ya Kimarekani akiwa chuoni.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1948 alikosana na wenzake, baraza likagawanyika. Miaka ya sitini, jamaa aliyewahi kuwaamsha vijana wa Fort Hare alikuwa akiitetea serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini. Alifariki 1975, na wengi wa waliompenda zamani walikuwa wamemwacha kitambo.

Shaw ilimfungulia mlango, udogo wake haukumzuia kufika popote. Lakini hakuna chuo, kikubwa wala kidogo, kitakachokuchagulia upande wa kusimama ukishatoka. Kwa hivyo ukiulizwa unasomea wapi, taja jina bila haya. Swali gumu litakuja baadaye: elimu hiyo unaitumia kwa faida ya nani?