Maisha ya Carl Olof Rosenius, Mwenye Gazeti la Pietisten

Carl Olof Rosenius alizaliwa tarehe 3 Februari 1816 huko Nysätra, kaskazini ya nchi ya Uswidi. Baba yake alikuwa mchungaji, naye kijana alitazamiwa kuifuata kazi hiyo. Akaenda Uppsala kusoma, lakini fedha zilikuwa haba na mwili wake dhaifu; akaacha masomo, akawa mwalimu wa watoto nyumbani mwa watu. Kwa hiyo hakuwekewa mikono maisha yake yote.

Tena moyo wake ulisumbuliwa na mashaka juu ya Maandiko. Katika taabu hiyo alimwendea George Scott, mhubiri wa Kimethodisti aliyekaa Stockholm, akasaidiwa. Mwezi wa Januari 1842 wakatoa pamoja gazeti dogo la kila mwezi, jina lake Pietisten. Jina hilo watu walilitumia kwa dhihaka, nao wakalitwaa bila haya.

Gazeti lilikuwa halijatimiza miezi mitatu, msiba ukaja. Scott alikuwa amesafiri Marekani, akasimulia huko uovu wa hali ya Uswidi. Habari ziliporudi watu wakaghadhibika, wakamfanyia ghasia kanisani siku ya Jumapili ya Mitende, hata ikampasa kuiacha nchi. Rosenius akabaki peke yake, kijana wa miaka 26, hana cheo. Angaliweza kuliacha gazeti life, wala hapana ambaye angalimlaumu. Hakuliacha, alilihariri miaka 26 mingine.

Wakati huo sheria ya mwaka 1726 iliwakataza watu kukutanika kwa ibada nyumbani pasipo mchungaji, nayo haikufutwa ila mwaka 1858. Lakini karatasi huingia mahali asipoweza kuingia mhubiri. Wakulima walisomeana habari ya msamaha utolewao bure, hata nakala zikafika 10,000. Ufafanuzi wake wa Waraka kwa Warumi ulitoka humo, kipande kwa kipande.

Wengine walijitenga na Kanisa la Kilutheri, yeye alikataa. Mwaka 1856 alisaidia kuanzisha chama cha Evangeliska Fosterlands-Stiftelsen, ambacho wamisionari wake walifika Massawa, katika Eritrea, mwaka 1866.

Mwaka 1867 alipatwa na kiharusi akihubiri Göteborg, akafa tarehe 24 Februari 1868. Gazeti likashikwa na P. P. Waldenström. Mwaka 1872 huyu aliandika humo mafundisho mengine juu ya upatanisho. Wasomaji wakagawanyika, na mwaka 1878 sehemu yao wakaunda Svenska Missionsförbundet.