Askofu Steere na Wimbo wa Jirani

Katika makanisa ya Burnt Forest, mahali palipomwagika damu katika ghasia za mwaka 1992 na za 2008, Mkalenjin na Mkikuyu huweza kuimba pamoja kwa Kiswahili. Nikiwa mwanaisimu, jambo hilo hunikumbusha Edward Steere.

Alizaliwa London mwaka 1828, akapata shahada ya udaktari wa sheria, kisha akawasili Unguja mwaka 1864. Hakungoja waumini wajue Kiingereza. Yeye ndiye aliyekaa chini akafundishwa Kiswahili na wenyeji. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi yake, akatafsiri Maandiko, sala na nyimbo. Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, kanisa kuu lilianza kujengwa papo hapo. Mwaka 1874 alitawazwa askofu. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo.

Wako wanaoshikilia kwamba ibada hunoga kwa lugha ya mama tu. Utamu huo siukatai. Hata hivyo, pale majirani walipowahi kukimbiana, wimbo wa kabila moja humwacha mwingine mlangoni. Walimu wa kwaya, ule wa Kiswahili msiutupe.