Roberto Clemente: Mchezaji Aliyesindikiza Msaada Mwenyewe

Wengi wa wasomaji wetu hawajapata kuuona mchezo wa besiboli. Ni mchezo upendwao sana Marekani na katika visiwa vya Karibi, nao huchezwa na watu tisa kila upande. Mmoja hurusha mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu zake zote. Mpinzani wake huungoja, gongo mkononi, apate kuupiga. Akiisha kuupiga hukimbia kutoka kituo hadi kituo, na akivimaliza vyote vinne timu yake hupata pointi. Twaueleza mchezo huu kwa sababu twataka kumkumbuka mtu aliyepata sifa kwa huo, kisha akaitumia sifa yenyewe kwa namna ambayo wachache huthubutu.

Roberto Clemente alizaliwa tarehe 18 Agosti 1934 mjini Carolina, katika kisiwa cha Puerto Rico, kilicho chini ya mamlaka ya Marekani ingawa lugha ya watu wake ni Kihispania. Baba yake, Melchor, alikuwa msimamizi wa vibarua katika mashamba ya miwa, na Roberto alikuwa kitinda mimba. Mwaka 1954 timu ya Brooklyn Dodgers ilimwandikisha, ikampeleka kwenye timu yake ndogo ya Montreal, huko Kanada, na huko hakupewa nafasi nyingi za kucheza. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo timu ya Pittsburgh Pirates ikamchukua kwa dola 4,000. Pittsburgh wakati huo ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, na timu yake ilikuwa ikishika mkia katika ligi mwaka baada ya mwaka.

Kijana huyu alikuwa mweusi, na Kiingereza hakukijua vema. Ilikuwa imepita miaka michache tu tangu Jackie Robinson alipoivunja desturi ya kuwafungia watu weusi nje ya ligi kuu, mwaka 1947. Timu ilipokwenda Florida kufanya mazoezi, wachezaji weupe walilala hotelini, na weusi walitafutiwa malazi katika nyumba za watu weusi. Safarini wenzake waliingia mkahawani kula, naye akabaki garini kungoja aletewe chakula. Waandishi wa magazeti nao walikinukuu Kiingereza chake kwa matamshi ya kumfanyia mzaha, wakambandika jina la Bob asilolitaka. Aliposema mgongo wamuuma, kwa kuwa aliumizwa katika ajali ya gari, walimwita mvivu mwenye visingizio.

Hatusemi kwamba aliyapokea hayo kwa upole. Alikuwa mwepesi wa kukasirika, mwenye kujithamini sana, naye alilalamika hadharani. Lakini malalamiko yake hayakuwa kwa ajili ya nafsi yake tu. Wachezaji vijana waliotoka nchi zisemazo Kihispania walimwona kuwa kaka yao mkubwa, kwa kuwa alisema yale ambayo wao waliogopa kuyasema.

Mwaka 1960 Pirates walifika fainali ya ubingwa na kukutana na New York Yankees, timu iliyoogopwa kuliko zote. Katika michezo saba Yankees walipata jumla ya pointi 55, na Pirates 27 tu. Hata hivyo Pirates walishinda michezo minne, na ubingwa ukawa wao. Mchezo wa saba, tarehe 13 Oktoba, uliamuliwa na Bill Mazeroski, aliyeupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja wa Forbes Field, matokeo yakawa 10 kwa 9. Clemente alikuwa amepata pigo zuri katika kila mmoja wa michezo ile saba. Lakini kura za kumchagua mchezaji bora wa ligi zilipohesabiwa, alikuwa wa nane. Jambo hilo lilimchoma moyo kwa miaka mingi. Heshima ile aliipata mwaka 1966.

Tarehe 1 Septemba 1971 timu hiyohiyo iliandika jambo jipya. Meneja wake, Danny Murtaugh, alipanga wachezaji tisa wa kuanza mchezo dhidi ya Philadelphia, na wote tisa walikuwa weusi, wengine wa Marekani na wengine wa nchi za Kilatini. Halijapata kutokea kabla katika ligi kuu. Clemente alikuwa mmoja wao, na Pirates walishinda.

Mwezi uliofuata walicheza fainali na Baltimore Orioles. Walishindwa michezo miwili ya kwanza, kisha wakainuka na kuuchukua ubingwa. Clemente, mwenye umri wa miaka 37, alipata mapigo mazuri 12 katika zamu 29, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali. Alipoitwa mbele ya televisheni, Marekani nzima ikimsikiliza, kabla ya kujibu lolote alisema kwanza kwa Kihispania, akiwaomba wazazi wake baraka. Lugha iliyowafanya watu wamcheke ndiyo aliyoitumia saa ya utukufu wake.

Tarehe 30 Septemba 1972 alipata pigo lake la 3,000. Watu kumi tu walikuwa wamefikia hesabu hiyo kabla yake. Hakuna aliyejua kwamba lilikuwa la mwisho lake katika michezo ya ligi.

Tarehe 23 Desemba mwaka huo tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Managua, nchini Nicaragua, likaua maelfu. Clemente aliujua mji ule, kwani wiki chache tu kabla ya hapo alikuwa huko akiiongoza timu ya Puerto Rico. Alianza mara moja kukusanya fedha, chakula, nguo na dawa. Lakini habari zikamfikia kwamba vitu vilivyokwisha kupelekwa vilinyakuliwa na askari wa Jenerali Somoza, mtawala wa nchi. Basi akakata shauri kwenda mwenyewe, kwa kuwa aliamini askari wasingethubutu kuiba mbele ya macho ya mtu anayejulikana kama yeye.

Usiku wa tarehe 31 Desemba alimwacha mkewe, Vera, na watoto wao watatu wa kiume, akapanda ndege kuukuu iliyopakiwa kupita kiasi. Muda mfupi baada ya kuruka ilianguka baharini, wakafa wote watano. Mwili wake haukuonekana kamwe. Rafiki yake wa timu, Manny Sanguillén, hakuhudhuria ibada ya kumkumbuka, kwa kuwa siku ile alikuwa majini akisaidia kumtafuta.

Mwaka 1973 kanuni ya kungoja miaka mitano iliwekwa kando, Clemente akaingizwa katika jumba la kumbukumbu za mashujaa wa besiboli. Tuzo wapewayo wachezaji wenye kuwasaidia watu yaitwa kwa jina lake.

Yatupasa kusema kweli yote: waliokubali ndege ile iruke walitenda vibaya, na haraka ya kutenda mema haiwaondolei hatia. Lakini Clemente atufundisha jambo tunalolisahau upesi. Sisi hutoa mchango wetu, tukaandikwa majina, tukaenda zetu tukidhani kazi imekwisha. Nani afuatae gunia la unga mpaka mlangoni mwa mwenye njaa? Nani aulizae fedha za mayatima zimefika wapi? Mwizi wa sadaka hupenda watoaji wasiouliza. Kama jina letu laheshimiwa kijijini au kazini, tulisimamishe hapo, penye ghala na penye daftari, mpaka maskini apate kilicho chake.