Leo Fender, fundi redio asiyejua kupiga gitaa

Boom likiingia kuna wanaonunua simu, kuna wanaolipa madeni ya mgahawa, na kuna sisi wachache tunaokwenda kutafuta gitaa. Langu nililinunua likizo iliyopita Kahama: jekundu, la Kichina, kichwani halina jina la maana. Nikafika nalo nyumbani Geita, nikalichomeka kwenye sabufa ya kaka. Likavuma kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Nyuzi zilikuwa juu mno, vidole vikaota sugu siku ya kwanza, na ukishalipatanisha, baada ya wimbo mmoja limeshahama. Nilitaka kuliuza. Kabla sijaliuza nikalifungua kwa bisibisi, na mle ndani nikakuta mawazo ya mzee mmoja wa Marekani aliyefariki mwaka 1991.

Jina lake kamili Clarence Leonidas Fender, ila watu walimwita Leo. Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 huko California, wazazi wake wakulima wa machungwa karibu na mji wa Fullerton. Alipokuwa na miaka 8 alipatwa na uvimbe kwenye jicho la kushoto. Likatolewa, akawekewa la kioo. Alipofika miaka 13 hivi akaenda kumtembelea ndugu yao mmoja mwenye karakana ya umeme wa magari, akakuta ametengeneza redio kwa vipuri vya kuokoteza, inalia kwa sauti kubwa kweli. Tangu hapo kijana akawa mtu wa redio.

Chuoni lakini alisoma uhasibu (wenzangu wa B.Com mpo?). Akaajiriwa, na katika ule mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 akapoteza kazi moja ya uhasibu, akapata nyingine, nayo ikaota mbawa. Mwaka 1938 akakopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio pale Fullerton. Hesabu ya ajira haikumlipa, ile ya redio ikamlipa.

Dukani walianza kuja wanamuziki na amplifaya zilizoungua na vipaza sauti vibovu. Hapo ndipo ninapompendea. Huyu bwana hakujua kupiga gitaa, na hakujifunza hadi anakufa. Alichojua ni kinachoharibika, na kwa nini. Kwa hiyo alipoanza kutengeneza magitaa yake aliwaza kama fundi anayejua kwamba kitu hiki kitarudi mezani kwake.

Magitaa mazuri ya wakati ule yalikuwa na tumbo wazi, na shingo iligandishwa kwa gundi. Ukiongeza sauti yanapiga kelele yenyewe. Shingo ikipinda, unamtafuta seremala bingwa. Mwaka 1950 Leo akaingiza sokoni gitaa la ubao mzima. Hakuwa wa kwanza kuliwaza, ila ndiye aliyefanikiwa kulitoa kiwandani kwa wingi. Shingo aliifunga kwa skrubu nne tu. Wapo waliolicheka, kwamba ni kipande cha ubao, siyo ala ya muziki. Lakini ubao ule ulikuwa rahisi kutengeneza, na shingo ikiharibika unafungua skrubu nne, unaweka nyingine, jioni unapiga.

Alikosea pia. Magitaa ya mwanzo hayakuwa na chuma ndani ya shingo, maana aliamini mti wake ni mgumu wa kutosha. Shingo zikaanza kupinda, akakubali kutia chuma. Jina nalo likaleta malalamiko: gitaa aliloliita Broadcaster lilifanana na ngoma za kampuni nyingine, ikabidi libadilishwe, na mwaka 1951 likawa Telecaster. Kisha 1954 ikaja Stratocaster. Wapigaji walikuwa wamemlalamikia kwamba kona za ubao zinawachoma mbavu, naye akazichonga zikawa laini. Mikato ileile iko kwenye gitaa langu jekundu, bila idhini ya mtu.

Huku kwetu gitaa la umeme kwa miaka mingi lilikuwa mali ya bendi. NUTA Jazz ya mwaka 1964, kwa mfano, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpigaji akihama, anahama na vidole vyake. Mwanafunzi kumiliki gitaa la umeme chumbani, hata kama ni bovu, ni jambo jipya kabisa.

Leo aliuza kampuni yake Januari 1965 kwa dola milioni 13, akiamini afya yake inamwisha. Baadaye akapona. Wapigaji wengi wanasema ubora ulishuka chini ya wenye mali wapya, na nakala za bei nafuu kutoka Japani zikaanza kuwala, hadi mwaka 1982 kampuni yenyewe ikaanza kutengeneza magitaa ya bei ya chini hukohuko Japani. Leo alishaanza upya pembeni na kampuni nyingine. Ugonjwa wa Parkinson ulimtetemesha, lakini aliendelea kwenda karakanani mpaka mwisho. Alifariki tarehe 21 Machi 1991.

Basi, turudi Geita. Nilianza na nyuzi mpya, maana za dukani zilikuwa na kutu. Mapito ya nyuzi kule juu karibu na funguo nikayapaka unga wa penseli ili nyuzi ziteleze. Kuhamahama kukapungua sana. Shingo nilizungusha nati ya kile chuma robo mzunguko tu, nikaliacha lilale, kesho yake nikatazama. Halafu daraja, kwa ufunguo mdogo, nikashusha nyuzi hadi vidole vikashukuru. Ule mvumo ulikuwa haupungui hata nikigusa nyuzi, kumbe waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja umeachia. Fundi redio wa mtaani aliulehemu kwa dakika tano, akakataa hela, akaomba apige kidogo. Naye hajui kupiga.

Pikapu (siyo ya kubebea mkaa) bado ni zile za Kichina. Ni sumaku tu na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Shaba, ile iliyokuwa ndani ya makinikia yaliyotugombanisha nchi nzima mwaka 2017, yakitoka hapohapo Kahama! Nzuri zinauzwa karibu bei ya gitaa lote, na roommate ananidai. Zinasubiri boom lijalo. Zinafungwa kwa skrubu mbili kila moja.