Edward Jenner, Tabibu Aliyeishinda Ndui

Mwuguzi afikapo kijijini na sindano yake, wako watu wanaokimbilia mashambani. Hapa Ituri pia, wakati wa Ebola ya miaka 2018 hadi 2020, wengi waliiogopa chanjo. Basi sikieni habari za mtu aliyeyajua mateso ya kuchanjwa tangu utoto wake.

Edward Jenner alizaliwa Berkeley, nchi ya Uingereza, tarehe 17 Mei 1749. Alipokuwa na miaka mitano alifiwa na wazazi wake wote wawili. Siku zile ndui iliua watu wengi, na waliopona walibaki na makovu usoni, wengine wakawa vipofu. Ili kuwakinga watu, matabibu waliwachanja kwa usaha wa ndui yenyewe, jambo lenye hatari. Edward alichanjwa hivyo akiwa na miaka minane. Kwa majuma sita alinyimwa chakula na kutolewa damu, kisha akafungiwa bandani mpaka ugonjwa ulipokwisha. Mateso hayo hakuyasahau.

Alipokuwa tabibu, aliona kwamba wakamuaji walioambukizwa ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi, hawakushikwa na ndui ya watu. Tarehe 14 Mei 1796 alichukua majimaji ya kipele mkononi mwa mkamuaji Sarah Nelmes, akamchanja James Phipps, mwana wa mtunza bustani wake. James naye alikuwa na miaka minane. Alipata homa kidogo tu. Na baadaye, alipochanjwa kwa usaha wa ndui, hakuugua.

Wako waliomcheka Jenner, wakidai kwamba waliochanjwa wataota pembe. Yeye hakuacha kazi: aliwachanja maskini bila malipo katika kibanda cha bustani yake. Alifariki tarehe 26 Januari 1823.

Kazi yake ilifika Afrika pia. Mwezi wa Oktoba 1977, mjini Merca, Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin alishikwa na ndui. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na baada yake hakuna aliyepata tena ndui kwa maambukizo ya kawaida. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani. Maalin naye alikuja kuwasihi wazazi wawapeleke watoto wao wakakingwe na polio.

Kuogopa sindano si aibu. Lakini mwuguzi ajapo, mshikeni mtoto mkono, mwende naye.